Sitara ya Mgonjwa na Haki ya Tabibu



Watu wa pwani hawakuanza leo kuijua afyuni. Waliiita kasumba, na jina hilo likageuka kuwa tusi: mwenye kasumba ni mtu aliyelazwa akili. Kwa hivyo zilipotufikia dawa zitokanazo na afyuni, na nyingine zilizoundwa kwa mfano wake, wengi wetu tulizipokea kwa haya. Mzee wa Msambweni mwenye saratani apewapo mofini ya maji ya kumtulizia maumivu, watoto wake huificha chupa mgeni apigapo hodi. Kijana wa Diani au Ukunda aliyekata shauri kuachana na heroini huenda Kombani, penye njia panda ya Kwale mjini, akanywa methadoni yake kila siku mbele ya muuguzi. Na arudipo hamwambii mtu alikotoka.

Suali letu ni hili: kuficha huku ni sitara inayosifiwa, au ni khiana ya nafsi?

Wako wasemao kwamba dawa hizi ni ulevi uliobadilishwa jina, na kwamba mwenye subira angevumilia. Maneno haya hayasimami. Subira haikumlazimisha mtu kuyaacha maumivu yaliyo na dawa. Na kanuni ya mafakihi yajulikana, kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, nayo hupimwa kwa kadiri yake. Watu wengi huishika nusu ya kwanza ya kanuni hii wakaisahau ya pili. Kadiri ndiyo shina la jambo. Na tabibu ataipimaje kadiri ya jambo alilofichwa?

Natuitazame methadoni. Iliundwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kuwa dawa ya maumivu, na katika miaka ya 1960 matabibu wa New York wakaanza kuitumia kuwatibu walioshikwa na heroini. Tanzania ilianza kuitoa kwa kazi hiyo katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikaanza Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Imewaokoa wengi na sindano, na wizi, na kifo. Lakini ina mambo mawili ambayo anywaye na aliye naye nyumbani yawapasa kuyajua.

La kwanza ni moyo. Moyo hupiga kwa umeme mdogo uupitao, na baada ya kila pigo huwa na muda wa kujiweka tayari kwa pigo lifuatalo. Methadoni huziba njia ambayo potasiamu hutokea katika seli za moyo, basi muda ule hurefuka. Madaktari huusoma katika kipimo cha umeme wa moyo, wakauita QT. Ukipita sehemu 500 katika 1,000 za sekunde, khatari huwa kubwa: mapigo yaweza kuvurugika ghafula, mtu akazimia, na pengine asiamke. Kwa ajili hiyo mwaka 2006 serikali ya Marekani iliamrisha onyo kali liandikwe juu ya dawa hii. Mofini haijulikani kwa dhara hii ya moyo. Lakini zipo dawa za kila siku ziurefushao muda ule ule: kwinini ya malaria, erithromisini ya kifua, flukonazoli ya ukungu. Kila moja peke yake yaweza kuwa salama. Zikikutana mwilini, huongezeana nguvu.

La pili ni usingizi, na hili ni la mofini na methadoni pamoja. Twamwona mgonjwa amelala, tukashukuru kuwa amepumzika. Lakini dawa hizi huupunguza usingizi mzito ambao mwili hujijenga kwao, na huilegeza amri ya ubongo juu ya pumzi. Pumzi huwa chache. Kwa wengine hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi. Asubuhi kichwa ni kizito, na mchana mtu husinzia barazani. Majirani husema, "Huyu hajauacha unga." Na huenda ni usiku wake tu ulioharibika. Ama akichanganya na tembo la mnazi, au na tembe za kulevya ziitwazo bugizi, pumzi yaweza kukatika moja kwa moja.

Tena methadoni hutuliza maumivu kwa saa 4 hadi 8 tu, hali mwili huchukua saa 8 hadi 59 kuitoa nusu yake. Ajiongezeaye kwa siri kwa kuwa maumivu yamerudi, amwagia maji katika mtungi uliojaa.

Sasa mfikiri kijana wetu ameshikwa na homa. Aenda duka la dawa, aulizwa, "Watumia dawa nyingine?" Muuzaji ni mtu wa mtaa wake. Ajibu, "Hapana." Neno hilo moja laweza kumuua. Ulimi ulisema ni wake, lakini ni nani aliyemfundisha kulisema? Ni sisi, tuliomcheka barazani, tukamnyima mke, tukamwita teja hata baada ya kuuacha unga.

Sitara ni kumfunika mtu mbele ya wasiohusika na jambo lake. Tabibu ahusika. Wanavyuoni walipohesabu mahali ambapo kutaja aibu ya mwenzio si kusengenya, walimtoa mwenye kutaka fatwa na mwenye kutaka nasaha. Ikiwa ya mwenzio yaweza kutajwa kwa haja, ya nafsi yako mwenyewe mbele ya akutibuye yana haki zaidi ya kutajwa.

Atasema msemaji: mji wetu ni mdogo, na siri iliyosemwa dirishani husikika sokoni kabla ya alasiri. Hoja hii ni ya kweli, na hatuipuuzi. Kwa ajili hiyo deni la kwanza si la mgonjwa, ni la asikiaye. Mganga, muuguzi na muuza dawa wamebeba amana. Aitoaye siri ya mgonjwa humfunga kinywa huyo na wote watakaokuja nyuma yake. Na sisi wa barazani deni letu ni kuacha kumhukumu mtu kwa kusinzia kwake.

Ewe unywaye dawa hii, itaje kwa jina lake kila utibiwapo, hata kwa jino au kwa homa. Ukizimia, au moyo ukikupapatika, usingoje kesho. Nanyi wa nyumbani, mkimwona mgonjwa akoroma na pumzi yakatika, au haamki aitwapo, mpelekeni hospitali upesi, wala msione haya kusema amekunywa nini. Heshima ya maiti haimfai kitu aliyeweza kuwa hai.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.