Kuacha mshahara na kuuza chakula: Je, ni kukufuru neema?

KUNA swali ambalo sisi walimu wa dini tunaulizwa mara nyingi miaka hii, na si vyema likajibiwa kwa haraka pale mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao. Muulizaji ni kijana msomi, ana ajira ya ofisini hapa Tabora, na mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi japo haufiki katikati ya mwezi unaofuata. Yeye na mkewe wanataka aache kazi hiyo, wapike chakula nyumbani na kukipeleka kwa wateja: wali na maharage, kuku wa kienyeji, ugali na dagaa wa Kigoma. Mteja anaagiza kwa simu, analipa kwa simu, na saa saba mchana bodaboda anakuwa mlangoni kwake, awe ni muuguzi wa Kitete au mwenye duka asiyeweza kuliacha duka lake.

Hesabu ameshazipiga. Kinachomzuia ni baba yake mzazi, aliyeuza ng'ombe na magunia ya mpunga kumsomesha hadi chuo kikuu, na ambaye sasa anamuuliza kama hayo ndiyo aliyomsomeshea, abebe hotipoti mtaani. Shangazi zake nao wameongeza la dini. Wanasema kuiacha riziki ambayo Allah (S.W.) amekwisha kukupa ni kukufuru neema.

Ndugu Waislamu, tusilidharau swali hili. Ndani yake mna maswali matatu. Riziki inatoka wapi? Heshima ya kazi iko wapi? Na haki ya waliotulea inaishia wapi?

Tuanze na la riziki. Muislamu anaamini kuwa mwenye kuruzuku ni Allah peke yake. Mwajiri ni sababu tu, kama jiko na sufuria zilivyo sababu. Anayesema kwamba kuacha ofisi ni kuacha riziki, huyo ameifunga riziki ndani ya jengo moja, na hilo ni jambo la hatari katika itikadi. Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo linafanywa na vijana wetu wengi. Ni kudhani kuwa kumtegemea Allah maana yake ni kuruka bila kutazama chini. Tunalijua fundisho la Mtume (S.A.W.) kwa yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake: amfunge kwanza, kisha ategemee. Asiyekuwa na akiba ya hata miezi miwili, ana watoto na kodi ya nyumba, halafu anaandika barua ya kuacha kazi kwa sababu amesikiliza semina moja ya ujasiriamali, huyo hajategemea. Amemwachia ngamia kamba.

Sasa tuje kwenye heshima, maana hapo ndipo penye kidonda. Kwa nini kubeba faili kuwe ni heshima na kubeba chakula kuwe ni fedheha? Jibu halitoki katika Uislamu. Nabii Daudi (A.S.) alikuwa mfalme, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina akiwa hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua, akauliza soko liko wapi, na siku ile ile akarudi na jibini na samli alizozipata kwa biashara. Mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo alianza maisha yake ya Madina kwa kuuza chakula.

Na jibu halitoki katika historia ya mji wetu pia. Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walifika hapa, na kutoka hapa njia ziligawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Mwingereza Richard Burton alifika hapa na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857, na miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa ni kipimo cha uanaume. Kijana alibeba mzigo hadi pwani, akarudi na nguo na ushanga, akahesabiwa kuwa mtu mzima. Kazi ya kubeba mizigo, ambayo leo tunaitukania watu, ndiyo iliyokuwa cheti cha babu zetu.

Heshima ya ofisi ilikuja baadaye. Ilikuja na boma la Wajerumani, ikaja na reli iliyofika Tabora mwaka 1912, ikaja na Shule ya Tabora ambayo Waingereza waliifungua mwaka 1925 kwa ajili hasa ya watoto wa machifu, ili wapate watu wa kuwasaidia kutawala. Karani akawa bwana mdogo, kwa sababu alikaa karibu na bwana mkubwa. Haya ni mambo ya miaka mia moja tu. Mzee anayemwambia mwanawe kuwa kazi ya heshima ni ya mezani, kwa hakika anamkabidhi kipimo ambacho babu yake mwenyewe asingekielewa.

Tena yapo maneno mawili ya njia ile ya misafara ambayo yamehamia ofisini, na kila msomaji anayajua. La kwanza ni posho. Katika msafara, posho ilikuwa ni chakula cha siku cha mpagazi, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Ilikuwa haki yake, na kiongozi aliyeipunja aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenye kuibeba wametoroka. Leo posho ni fedha ya kukaa kikaoni. La pili ni hongo. Misafara ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi, nayo ilikuwa ni kodi ya njia, ikidaiwa hadharani. Leo hongo ni kile kinachopita chini ya meza. Neno la chakula cha mwenye kutoka jasho limekuwa neno la malipo ya kukaa, na neno la ushuru wa wazi limekuwa neno la wizi wa siri. Anayesema ofisi ni mahali pa heshima na jiko ni mahali pa fedheha, ayatafakari maneno haya mawili.

Simaanishi kuwa kila aliye ofisini anakula haramu. Wapo waja wema wanaoamka alfajiri, wakahudumia wagonjwa, wakafundisha, wakaandika hesabu za watu kwa uaminifu, na kazi yao ni ibada. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na alipochaguliwa kuwa Khalifa, Masahaba walimtaka aache soko ili ashughulikie mambo ya Waislamu, wakampangia posho yake kutoka Baitul Mal. Yeye aliacha biashara akaingia ofisini! Basi hakuna upande ulio mtukufu kwa asili yake. Funzo la kisa chake ni kwamba amana moja haigawanywi. Ndiyo maana tunamwambia kijana wetu: kama bado umeajiriwa, usipokee oda za wali katika saa za mwajiri, usichapishe orodha ya vyakula kwa karatasi za ofisi, na usiondoke bila kutoa taarifa kwa mujibu wa mkataba. Huwezi kuanza kutafuta baraka kwa kuiba muda.

Vilevile tusiipambe biashara. Njia ile ile ya Tabora iliyopitisha wapagazi wa hiari ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa, na wafanyabiashara wake wengine walikuwa watu wa kuswali. Biashara haimtakasi mtu. Inamfunua. Na biashara ya chakula inamfunua haraka zaidi, kwa sababu mteja haoni jikoni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, akakuta ndani kumelowa na juu kumekauka, na akamkana mwenye kughushi. Fungu lile leo ni hotipoti. Juu kuna nyama mbili nzuri, chini kuna wali wa jana. Mafuta yaliyokaangiwa mara ya tano hayana lebo. Kuku ambaye muuzaji hajui kachinjwa na nani, anamuuza kwa jina la Uislamu wake. Hayo yote mteja anayameza kwa kuamini, na Allah ameanzisha sura nzima, Al-Mutaffifin, kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo.

Sasa haki ya wazazi. Hili ni zito, na vijana wasiliruke. Baba aliyeuza ng'ombe ana haki ya kusikilizwa, ana haki ya kuelezwa hesabu kwa adabu, na ana haki ya kuendelea kutunzwa. Kama mshahara ule ndio unaonunua dawa zake za presha, basi kuuacha bila kupanga dawa hizo zitatoka wapi ni dhulma, hata kama biashara yenyewe ni halali kabisa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale walio chini ya matunzo yake. Lakini haki ya baba haifiki hadi kuchagua cheo ambacho mwanawe atatajwa nacho msibani. Shukrani kwa aliyekusomesha ni kumtunza na kumtii katika mema. Kubaki kwenye kiti ili majirani wasiseme ni kuwatunza majirani, naye mzee hapati chochote hapo. Na elimu haikupotea. Anayejua kuweka hesabu, kusoma mkataba na kuandika oda vizuri anakwenda nayo jikoni.

Historia ya nchi yetu inatupa mfano. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha TAA, ambacho mwaka uliofuata kilizaa TANU. Wasomi wengi wenye mishahara wakafungwa midomo na mishahara yao. Nani waliobaki huru kuhudhuria mikutano, kuuza kadi na kuchangia? Walikuwa ni pamoja na kina mama wa mijini, wengi wao Waislamu, waliojipatia riziki kwa kukaanga vitumbua na kuuza samaki. Hakukuwa na barua ya kuwafukuza kazi. Na Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Tabora na kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini, ilimlazimu mwaka 1955 kuacha mshahara wake wa ualimu kule Pugu. Sidhani kama jamaa zake wote walipiga makofi siku ile.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana ni lipi? Si haramu, wala si kukufuru neema. Kukufuru neema ni kuitumia katika maasi au kuifuja. Kuihamisha kwa mashauriano, istikhara na maandalizi ni katika kutafuta fadhila za Allah tulikoamrishwa katika Surat Al-Jumua. Ila kuna masharti.

Kwanza, mtaji usiwe wa riba. Hii mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu imejitangaza yenyewe kwa jina lake, na anayekimbia bosi mmoja akaangukia humo amekimbilia kwa bosi asiyelala. Ipo akiba, upo ushirika wa kugawana faida na hasara, na ipo mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo tangu sheria ya mwaka 2018 haitozwi riba.

Pili, hesabu iwe ya kweli. Sahani 30 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 90,000 kwa siku, na hapo ndipo wengi wanapokomea na kuanza kuota. Toa mchele, nyama, mafuta, mkaa au gesi, vifungashio, bodaboda na chakula kilichorudi. Ikibaki 20,000, kwa siku 22 za kazi ni 440,000. Na kumbuka kuwa Ramadhani hakuna chakula cha mchana, bali futari. Asiyejua hilo mapema ataona mwezi mtukufu ni mkosi, Allah atuepushe.

Tatu, na hili ndilo nalitia mkazo, tazama nani atabeba mzigo wako. Kijana huyu anaondoka ofisini kwa sababu analipwa kidogo na anaamrishwa sana. Je, jikoni kwake atakuwepo binti aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka saa kumi usiku kumenya vitunguu na kulala saa sita, akilipwa kwa nguo kuukuu na ahadi? Je, bodaboda atasubirishwa ujira wake wa leo hadi kesho kutwa? Kama ni hivyo, hajauacha ubwana wa ofisini. Ameuhamishia nyumbani kwake, na safari hii bwana ni yeye. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na jasho la jikoni hukauka upesi kwa moto ulivyo mkali.

Na kwa mzee wetu tunasema hivi kwa heshima zote. Msafara ulipoondoka Kaze haukuwa unaulizwa nani amebeba nini tu, uliulizwa pia kama watu wamepata kibaba chao. Siku ya Kiyama mwanao hataulizwa kama alikaa kwenye kiti cha kuzunguka. Ataulizwa mali yake aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Mpe idhini yako, mzee, na umwombee dua. Kisha siku moja mwambie akuletee sahani bila kukueleza, ulinganishe kipimo chake na ile anayompelekea mteja. Ukikuta zinalingana, ng'ombe wako hawakupotea.

Wallahu a'lam.