Maneno Yaimbwayo Arusini Ni ya Nani?

Yafaa ijulikane kwamba watu wa pwani waulizanapo juu ya nyimbo za arusi, aghlabu swali lao huwa ni moja: ala gani ni halali, na ala gani ni haramu? Swali hilo ni la haki, na wanavyuoni wamekwisha kulijibu zamani. Lakini lipo swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: yale maneno yaimbwayo mbele ya wageni ni maneno ya nani? Ni ya mwimbaji aliyelipwa, au ni ya mwenye arusi aliyemwita?

Lile la kwanza lipitiwe kwa ufupi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameruhusu katika Minhaji dufu lipigwe katika arusi na tohara, hata likiwa na njuga zake, na amekataza udi na mfano wake katika vyombo vya nyuzi. Juu ya filimbi ya mchungaji hakuafikiana na Imamu Rafii. Huyo aliiona yafaa, naye akasahihisha kuwa haifai. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), ameeleza kwa urefu katika Ihyaa kwamba kuitia nguvu furaha katika wakati wake, kama Idi na arusi na kurudi kwa msafiri, ni jambo lifaalo, maadamu furaha yenyewe ni halali. Basi mwenye kuifuata madhehebu ya Shafii njia yake ni nyeupe, na matari hayajapata kukosekana katika miji ya pwani.

Lakini dufu ni ngozi na mbao tu, halina ulimi. Likipigiwa maneno ya kumvunjia mtu heshima, uhalali wa ngozi hauyatakasi maneno hayo.

Bukhari amepokea khabari ya Rubayyi'u binti Muawwidh, mwanamke wa Kiansari. Baba yake aliuawa katika vita vya Badri, mwaka 2 wa Hijra (624). Alipoolewa, Mtume (S.A.W.) alimwendea asubuhi ya arusi yake, akaketi. Vijana wa kike walikuwa wakipiga dufu na kuwataja kwa nyimbo wazee wake waliokufa siku ya Badri. Mmoja wao akatia neno la kusema kwamba miongoni mwao yumo Nabii ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, arudie yale aliyokuwa akiyasema kwanza.

Na atazamwe vizuri mtu huyo aliyeketi pale. Hakuwanyamazisha wasichana, wala hakuwaambia kwamba arusi si mahali pa nyimbo. Aliusikiliza wimbo kwa sikio la mtu ayapimaye maneno, akaondoa neno moja lililovuka mpaka, na neno lenyewe lilikuwa la kumsifu yeye. Yaliyobaki akataka yaendelee. Lau maneno ya arusini yangekuwa upepo tu wa kupamba ngoma, kama wasemavyo wengi, asingalikuwa na haja ya kulitoa hilo moja.

Watu wa pwani wenyewe wanaijua kweli hii, ingawa hawaikiri. Taarabu ilipata nguvu Unguja katika zama za Sayyid Barghash (1870 hadi 1888), aliyempeleka mtu Misri akajifunze; mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad akaenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Hukumu ya nyuzi imekwisha kutajwa, haina haja ya kurudiwa. Linalotazamwa hapa ni ile desturi ya kutunza. Mwanamke huketi kimya nyimbo tatu. Ukifika mshororo mmoja, huinuka, huenda mbele polepole na noti mkononi, humtunza mwimbaji, na macho yake yako kwa mwanamke mwingine aliyeketi safu ya tatu. Hajafungua kinywa. Lakini ukumbi mzima umekwisha kufahamu nani amesema na nani ameambiwa, na yule aliyeambiwa atalia usiku ule. Hakuna hata mmoja atakayedai kwamba maneno yale yalikuwa ya mwimbaji. Ikiwa mgeni kwa noti moja huyamiliki maneno ya mshororo mmoja, itakuwaje mwenye arusi, aliyelipa ujira wa usiku kucha, ajitoe katika yote yaliyoimbwa?

Wako wasemao, “Sisi twapenda mahadhi tu, maneno hatuyasikilizi.” Huenda wao hawayasikilizi, wageni huyasikiliza. Mara ngapi bibi arusi ameingizwa ukumbini kwa wimbo wa Kihindi au wa Kimisri ulio mtamu masikioni, na maana yake ni kilio cha mtu aliyeachwa na mpenziwe! Wajuao lugha hiyo hutazamana. Wala haisemwi kwamba kila wimbo wa mapenzi ni mbaya. Ghazali hakumlaumu mtu asikiaye sifa za mahaba akazielekeza kwa aliye halali yake. Na ni nani aliye halali zaidi kwa mtu kuliko mkewe wa usiku ule?

Hapo ndipo ilipo desturi iliyokuja kutoka Ulaya na Marekani, ya bwana na bibi kufungua dansi peke yao mbele ya watu, kwa wimbo waliouchagua. Nawawi hakuharimisha kucheza kwenyewe, ila kuwe kwa kujipindapinda kama wafanyavyo makhanithi. Mke na mume wakicheza chumbani kwao, hakuna mwanachuoni aliyesimama mlangoni. Ubaya umo katika kuwaalika wanaume mia wautazame mwili wa bibi arusi ukizungushwa, na simu zikauchukue hata kwa wasioalikwa. Hata hivyo wazo la kuwa na wimbo wao wawili, wenye maana wanayoijua wao, si baya. Ni mahali pake palipokosewa. Fungate ina siku saba, na mlango wake una komeo.

Sasa na achukuliwe mfano wa msichana aliyefiwa na baba, hana kaka, na ammi yake ndiye atakayemwozesha. Mtaa ulimsengenya miaka miwili kwamba hatapata mume. Mama yake amekwisha kuziweka tayari nyimbo za kuwajibu majirani, zipigwe kwa spika hadi alfajiri. Uchungu wa mama huyo ni wa kweli, na amwambiaye “haramu” tu kisha akaenda zake hajamsaidia. Lakini binti yake ana haja nyingine. Ataka baba yake atajwe usiku ule, na aona haya kusema, kwa kuwa ameambiwa kwamba kumtaja maiti arusini ni kuleta kisirani.

Kisirani hicho kimetoka wapi? Rubayyi'u alitajiwa babaye aliyeuawa, asubuhi ya arusi yake, Mtume akiwa ameketi hapo hapo, na hakulikataza. Wale wasichana walikuwa wakimwambia mume na jamaa zake ni binti wa nani huyu aliyeingia nyumbani mwao. Nyimbo za mama zitakuwa na majina ya maadui; usiku wa bintiye utajaa watu wasiompenda, na aliyempenda kuliko wote hatakuwamo. Mama akiulizwa kwa upole ni jina lipi angependa majirani walisikie kwanza, la yule jirani au la marehemu mumewe, yamkini atanyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Na wapiga matari si watu wagumu. Wakipewa jina la marehemu, na la babu yake, na kazi aliyoifanya, na msikiti aliokuwa akisali, siku mbili kabla ya arusi, huyatia yote katika mizani, na hawaongezi ujira.