Zawadi na Macho ya Mganga

Musa alipowapa Waisraeli sheria, aliwakataza waamuzi wasipokee zawadi, kwa sababu zawadi humtia upofu hata mwenye macho mema. Tuangalie vizuri: hakuwaonya waovu tu. Alijua ya kuwa mtu mwema naye hupofuka, wala asijue kama amepofuka.

Neno hili lawahusu waganga pia. Mgonjwa hawezi kuipima dawa kwa akili yake. Huuweka uhai wake mikononi mwa daktari. Lakini viwanda vya dawa huwatuma wajumbe kwa daktari huyo huyo, wakiwa na vyakula na malipo ya hotuba. Huko Marekani, uchunguzi juu ya madaktari zaidi ya 279,000, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba hata waliopokea chakula kimoja tu, kwa kawaida cha bei isiyofika dola 20, waliandika dawa ya mwenye kuwalisha mara nyingi kuliko wenzao.

Je, chakula ni jambo dogo? Katika nchi hiyo hiyo kampuni ya Purdue Pharma ilianza mwaka 1996 kuuza OxyContin, dawa kali ya maumivu iliyo jamaa ya afyuni. Mwaka 2020 ilikiri mbele ya sheria kwamba iliwalipa madaktari, kwa jina la ada ya hotuba, ili waiandike zaidi. Wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kuwa watumwa wa dawa hiyo, na jamaa nyingi zimezika watoto wao.

Hatusemi kwamba kila daktari ameiuza dhamiri yake. Wengi wakesha kando ya vitanda vya maskini, na dawa za viwandani zimewaponya watoto wetu. Tena Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ili malipo hayo yatangazwe hadharani. Ni vema, lakini sheria huona daftari la hesabu, haioni moyo.

Basi, daktari Mkristo na aikatae zawadi hiyo kwa adabu. Nanyi wazazi, msiogope kuuliza kwa heshima: kwa nini dawa hii, wala si ile ya bei nafuu? Nasi mapadre tujihoji vilevile: kuku wa tajiri aliyeletwa jana, je, hakutufunga kinywa Jumapili?