Vyombo Vitupu vya Majirani: Tafakari ya 2 Wafalme 4:1–7

Kisa cha mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7, huhubiriwa mara nyingi kama kisa cha muujiza wa mafuta, ilhali mwandishi wake ametumia maneno machache kuueleza muujiza wenyewe na mengi zaidi kueleza deni, majirani, vyombo na mauzo. Mwanamke huyo alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani wafuasi walioishi kwa jumuiya chini ya uangalizi wa nabii, na mumewe alipofariki alimwachia deni ambalo mdai alikusudia kulifidia kwa kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Maandiko hayasemi deni hilo lilitokana na nini. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alieleza kwamba marehemu alikuwa Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, ambaye kwa mujibu wa 1 Wafalme 18 aliwaficha manabii 100 mapangoni na kuwalisha, na kwamba fedha zilikopwa kwa ajili ya chakula chao. Mapokeo hayo hayawezi kuthibitishwa, lakini yanamwondolea msomaji dhana ya haraka kwamba kila aliyezama katika madeni alikuwa mzembe au mbadhirifu.

Dhana hiyo haina mashiko hata Engaresero, kijiji cha Wilaya ya Ngorongoro kilicho kati ya Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai, ambako riziki ya familia nyingi hutegemea mifugo na watalii, na ambako yote mawili yamewahi kutikiswa bila kosa la mtu yeyote wa kijijini. Mlima ulilipuka kwa kishindo kuanzia Septemba 2007 hadi mwaka uliofuata, ukamwaga majivu juu ya malisho. Ukame wa mwaka 2009 ukaua ng'ombe wengi kaskazini mwa Tanzania. Na mwaka 2020, janga la korona lilipofunga safari za dunia, idadi ya watalii wa kimataifa walioingia Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takribani 620,000. Hata miaka ya amani ina mitego yake. Shanga ndogo za kioo ambazo mama wa Kimaasai huzitunga kwenye waya, akizishika safu kwa safu kwa vipande vyembamba vya ngozi au plastiki ili mkufu ulale bapa, nyingi hutoka ng'ambo, hususan Ucheki, kwa hiyo shilingi inapopoteza thamani gharama ya kazi yake hupanda hata kama hakuna mgeni aliyekubali kuongeza bei.

Nabii Elisha, ambaye mjane alimwendea, alimwuliza maswali mawili: amfanyie nini, na ana nini nyumbani. Swali la pili ndilo lililopata umaarufu mimbarani, na limetumika kiasi cha kuwachosha maskini, kwa maana mara nyingi huulizwa kana kwamba jibu lake linatosha na kwamba mwenye shida akitazama vizuri atakuta mtaji wake mwenyewe kabatini. Mjane alijibu kwa ukweli kwamba hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta, na nabii hakumkaripia wala hakumwambia aanze na hicho alicho nacho. Alimtoa nje. Agizo la kwanza lilikuwa aende kwa majirani zake wote akaazime vyombo, vitupu, tena visiwe vichache.

Hapa ndipo tafakari inapaswa kukaa kwa muda. Siku za Elisha zilikuwa siku za njaa, kama inavyoonekana katika aya ya 38 ya sura hiyo hiyo na katika sura ya 8, inayotaja njaa ya miaka saba, kwa hiyo haielekei kwamba majirani wa mjane walikuwa na akiba ya kugawa. Nabii hakuwadai akiba. Aliwadai kile ambacho hata mtu aliyeishiwa anacho, yaani mtungi uliobaki wazi kwa sababu hakuna cha kutia ndani. Hata hivyo kuazimisha mtungi huo hakukuwa jambo dogo, maana mdai alikuwa njiani, na chombo kilichokutwa ndani ya nyumba ya mdaiwa kingeweza kuchukuliwa pamoja na mali nyingine. Jirani aliyetoa alikubali kuhatarisha mali yake kwa mtu ambaye wakopeshaji walikwisha kumkatia tamaa. Na kiasi cha mafuta kilipimwa na imani hiyo ya majirani, kwani aya ya 6 inasema kwamba mafuta yalikoma mwana alipomjulisha mamaye kuwa hapana chombo tena. Kama nusu ya mtaa ingefunga milango, nusu ya mafuta isingekuwepo, na pengine deni lisingelipika.

Wamaasai wa Ngorongoro hawakuhitaji kufundishwa wazo hili na wageni. Katika desturi iitwayo ewoloto, watu wa ukoo mmoja humchangia mifugo mwenzao aliyefilisika kwa ukame au maradhi ya ng'ombe, ili aanze tena kuwa mfugaji anayejitegemea badala ya kubaki mtu wa kulishwa, na ingawa desturi hiyo imedhoofika kadiri mifugo ilivyopungua kwa kila kaya, msingi wake ni ule ule wa mitungi ya majirani. Katika tambarare ya Engaresero yenyewe zimehifadhiwa nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, na watafiti walioandika juu yake mwaka 2020 walitambua kundi la watu 17 waliokwenda pamoja, 14 kati yao wakiwa wanawake wazima, ambao huenda walikuwa wakitafuta chakula. Hilo si fundisho la teolojia, ila linamfurahisha msomaji wa kisa hiki, ambamo pia riziki haikutafutwa na mtu peke yake.

Umbo la kisasa la vyombo vya majirani ni VICOBA, yaani benki za kijamii vijijini, ambazo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 katika vikundi vya wanawake vilivyolelewa na shirika la CARE, kisha ukaenea Tanzania. Wanachama hukutana kwa siku maalumu, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na hukopeshana kwa kiasi kinacholingana na hisa. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili sanduku lisifunguke ila mbele ya kikundi kizima. Udhaifu wa kikundi cha aina hii unajulikana pia: ukame ukimpiga kila mwanachama kwa wakati mmoja, hakuna mwenye hisa za kununua, na sanduku hubaki na madaftari. Ndiyo sababu usharika au parokia isiishie kuhimiza watu wajiunge na VICOBA, bali ijihesabie vyombo vyake yenyewe vilivyo vitupu. Gari la kanisa linalokwenda Mto wa Mbu au Arusha bila mzigo linaweza kurudi na shanga na uzi vilivyonunuliwa kwa bei ya jumla kwa ajili ya kina mama 20. Ukumbi unaofunguliwa Jumapili peke yake unaweza kuwa ghala la mama lishe au darasa la kuandika daftari la mauzo. Na mshirika aliyestaafu uhasibu ana ujuzi uliolala kama mtungi wa jirani.

Nabii aliagiza tena kwamba mlango ufungwe, na wafasiri wengi hulichukulia jambo hilo kuwa alama ya imani ya faragha. Lipo pia la heshima ya mdaiwa. Msaada ulimfikia mjane bila umati wa watazamaji, wala hakutakiwa kusimama mbele ya mkutano kueleza umaskini wake ili waliomsaidia wapate kuonekana. Na wale wanaopiga picha kila kilo ya unga wanayoitoa wangefaa kuisoma aya ya 4 polepole.

Muujiza ulipokwisha, mjane alirudi kwa Elisha, naye akamwagiza auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Nabii hakumwuzia, hakujitwalia fungu kwa kazi yake, jambo ambalo baadhi ya wahubiri wa siku hizi wangeliona la ajabu, wala hakumwahidi kwamba chupa ingebubujika tena mwezi uliofuata. Mpangilio wa maagizo hayo una maana kubwa kwa mfanyabiashara mdogo ambaye kipato chake huja kwa vipindi. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, magari mengi yalipitia njia ya Mto wa Mbu na Engaresero, na wauza chakula, maji na vocha kando ya barabara walipata wateja wasiowahi kuwaona. Kisha misafara ikakoma. Msimu wa watalii nao hukoma kila mwaka mvua za masika zinapoanza. Mafuta yakiwepo, agizo la Elisha ni kumaliza deni kwanza, kwa kuwa deni lililoachwa wakati wa neema ndilo litakalobisha hodi wakati wa uhaba.

Lakini ingekuwa dhuluma kumhubiria mdaiwa na kumnyamazia mdai. Torati, katika Kutoka 22:25–27, inakataza kumtoza maskini riba, na inaamuru kwamba vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijachwa. Tanzania ina jina lake kwa kinyume cha amri hiyo: kausha damu, yaani mikopo ya haraka yenye riba nzito na marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo ikichelewa hufuatwa na watu wanaobeba godoro, televisheni na majiko ya mkopaji mbele ya watoto wake. Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, na mfanyabiashara anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia sahihi. Kanisa linaweza kumsaidia mno kwa kumkalisha mtu anayejua hesabu karibu naye siku hiyo.

Nehemia 5 inaeleza hali inayofanana na hiyo: wakati wa njaa watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, wakawatoa wana na binti zao utumwani, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wa taifa moja. Nehemia aliita mkutano mkubwa, akadai mashamba na nyumba virudishwe pamoja na sehemu ya mia ya fedha na nafaka waliyokuwa wakitoza, kisha akawaapisha wakopeshaji mbele ya makuhani. Katika aya ya 10 anakiri kwamba yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake walikuwa pia wakiwakopesha watu fedha na nafaka, na amri ya kuacha riba anaitoa akijihesabu pamoja nao. Mzee wa kanisa, mweka hazina wa kikundi au mwenye duka anayekopesha kwa riba jirani zake wa Engaresero ana nafasi yake katika mkutano huo, na si upande wa watazamaji.