Wale Laki Moja Wako Wapi?

Wazee wetu wanauliza kila mara: hizi filamu za madawa na bunduki zinaharibu vijana, ndiyo au hapana? Mimi nafanya kazi na vijana hapa Mahango na kule Bwera, na naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kijana haanzi kuuza bangi juu ameona filamu. Mara nyingi anaanza juu hana karo, hana shamba, na kuna mtu amemwonyesha pesa ya haraka. Filamu haimpi njaa. Inampa namna ya kujiona yeye mwenyewe, na hapo ndipo kuna maneno.

Chukua Scarface ya mwaka 1983. Sura ya Tony Montana utaikuta hata kwenye fulana, lakini wachache wanakumbuka kwamba Tony ni mkimbizi. Filamu inaanza na mashua za Wacuba walioingia Marekani mwaka 1980 kutoka bandari ya Mariel. Tony anawekwa kambini, chini ya barabara kubwa ya magari. Ili apate karatasi, anaua mtu humo humo kambini. Halafu kokeini, jumba kubwa, risasi, kifo.

Maandishi ya mwanzo ya filamu hiyo yanasema waliofika walikuwa watu 125,000, na kwamba 25,000 kati yao walikadiriwa kuwa na rekodi ya makosa. Haya, tukubali hesabu yao jinsi ilivyo. Toa. Wanabaki laki moja. Wako wapi? Mama yake Tony anaishi kwa jasho lake, anaikataa pesa ya mwanawe na kumwambia kwamba watu kama yeye wanawachafulia wenzao jina. Lakini yeye anapewa dakika chache tu, na mtoto anapewa karibu saa tatu. Wacuba wa Miami walilalamika sana, mpaka sehemu kubwa ya filamu ikaenda kupigwa Los Angeles.

Je, basi mwizi asionyeshwe? Hapana. Hata mwizi ana haki hadithi yake isimuliwe. Tazama Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Mwas anauza filamu kijijini huku akiigiza vipande vyake, anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa, anafungwa, anasafisha choo cha mahabusu, mwisho anaingia kwa wezi wa vipuri vya magari. Ujambazi uko pale wazi. Lakini uoga pia uko, na harufu ya kile choo karibu uisikie. Wanaokufa tumeshajua majina yao, kwa hiyo kifo chao kinauma.

Kwangu mimi, kosa la filamu si kuonyesha uovu. Kosa ni kuficha nani analipa. Tony akishapata pesa, wimbo unapigwa na miezi inapita. Walioharibiwa na ule unga hatuwaoni. Na sisi tunajua deni linaenda wapi: mmoja wetu akikamatwa na bangi pale Mpondwe, jioni watu hawasemi jina lake, wanasema "wakimbizi".

Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi mnatengeneza filamu. Ripoti ikiandika tu vijana wanaovuta na kuiba, ile ni Scarface bila muziki. Yule anayesukuma baiskeli ya ndizi hadi sokoni na usiku anasoma, mumpe naye ukurasa.

Na wazazi, kuwafukuza watoto kwenye kibanda hakutoshi, watapita mlango wa nyuma. Kule VJ anatafsiri na kuongeza maneno yake, kwa hiyo na sisi tunaweza kuongeza yetu. Kwenye kikundi chetu tunasimamisha filamu baada ya risasi na kuuliza: huyu aliyeanguka, nyumbani kwake kuna nani? Vijana waliotoka Kongo hawachelewi kujibu. Wengi wao ni wale waliobaki nyumbani.