Mchanga Katika Pamba



Wapenzi wasomaji, tumepokea barua ya mzazi mmoja wa Bariadi, mkoani Simiyu. Jina lake hatulitaji, wala la mwanawe, kwa maana shida yake ni shida ya nyumba nyingi katika nchi yetu. Mwanawe amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja. Wastani wake ni 2.3 katika 5, yaani amefaulu, lakini kwa daraja la chini. Sasa ataka kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikokwenda rafiki zake wawili wa sekondari. Tena amejitokeza dalali mjini, mmoja wa wale waitwao vishoka, naye ameahidi kuitengeneza hati ya matokeo ili ile 2.3 isomeke 3.6. Bei yake ni fahali wawili. Baba amekwisha kuwatenga. Mama amekataa katakata. Ndipo wakaafikiana kutuuliza mambo mawili: Je, ni dhambi? Na kama ni dhambi, kijana mwenye alama hafifu aombe hivyo alivyo, au anyamaze?

Swali la kwanza twalijibu bila kuzunguka. Ni dhambi. Amri ya nane yakataza uongo wa kalamu sawasawa na uongo wa kinywa. Tena ni udhalimu, maana nafasi katika chuo chenye waombaji wengi zina hesabu, na anayeingia kwa hati ya uongo amemtoa mwingine aliyeistahili. Huyo aliyetolewa naye ana mama.

Watu wa Simiyu hawahitaji mwalimu wa mbali katika jambo hili. Wao ni wakulima wa pamba, nao wajua vema pamba safi ni ipi na fifi ni ipi. Wajua pia kwamba wako watu ambao usiku wa kuamkia mizani hunyunyiza maji katika pamba, au hutia mchanga, ili mzigo uwe mzito. Siku ile mtu huyo hucheka, maana amelipwa uzito ambao hakuulima. Lakini mchanga haugeuki kuwa uzi. Kiwandani huharibu mashine, sifa ya pamba ya mahali pale hushuka, na mwaka ufuatao jirani yake mwaminifu hupewa bei mbaya kwa kosa asilolitenda. Basi, baba mpendwa, ile 1.3 utakayoongezewa na kishoka ni mchanga. Mwanao atakaa darasani pamoja na wenye 3.6 za kweli, akiulizwa yale asiyoyajua, na kila hodi mlangoni itamshtua.

Wala tusidhani kwamba mambo haya husahauliwa. Twakumbuka mwezi wa Aprili 2017, Rais John Magufuli alipopokea huko Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengi walikuwa wametumika miaka mingi, wana nyumba, wana watoto shuleni. Uongo ulioandikwa ujanani uliwangoja hata uzeeni. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa twaja kwa swali la pili, ambalo ndilo gumu zaidi. Wengi wetu, tukiisha kukemea uongo, humwambia kijana: basi, tulia, wewe si wa kiwango kile. Je, hivyo ndivyo asemavyo Bwana wetu?

Tuisome tena Injili ya Mathayo, sura ya 25, mfano wa talanta. Watumwa walikuwa watatu. Wa kwanza alipewa talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Mahubiri mengi humsifu wa kwanza na kumlaumu wa tatu, na yule wa katikati hupitwa kama mgeni asiyejulikana. Lakini tumtazame. Alipewa mbili, akafanya kazi, akarudi na nne. Bwana wake hakumwuliza kwa nini hakuleta kumi. Alimpa sifa ile ile aliyompa mwenzake, na furaha ile ile. Naye mtumwa yule alipotoa hesabu yake hakusema kwamba alipokea tano. Alisimama na mbili zake, akaonyesha alichofanya nazo.

Hapo pana jibu letu. Kijana mwenye talanta mbili ana njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kusema kwamba anazo tano. Hiyo ndiyo njia ya kishoka. Ya pili ni kuzifukia ardhini kwa aibu. Hiyo ndiyo njia ya kunyamaza. Mungu haitaki hata moja kati ya hizo. Yeye ataka hesabu ya kweli.

Sisi tuliopita seminari kuu twaijua aibu hiyo. Mwandishi wa maneno haya alipata kusomewa alama zake za Falsafa mbele ya wenzake, akatamani nchi ifunuke immeze. Ndipo mlezi mmoja akamkumbusha habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Huyo alizaliwa Ufaransa mwaka 1786, akaanza masomo amekwisha kuwa mtu mzima. Mwaka 1813 aliingia seminari ya Lyon, ambako masomo yalitolewa kwa Kilatini, naye Kilatini kilimshinda. Akarudishwa. Paroko wake, Padre Balley, hakwenda kwa wakubwa kuwaambia kwamba kijana ajua Kilatini. Alikiri upungufu ule, akaeleza pia uchaji na bidii aliyoiona kwa macho yake, akazidi kumfundisha, akaomba apimwe tena katika lugha aielewayo. Mwaka 1815 Vianney akapewa upadre. Mwaka 1818 akapelekwa Ars, kijiji kidogo, na watu wakamwendea kutoka pande zote za Ufaransa kuungama kwake. Mwaka 1925 Kanisa likamtangaza mtakatifu, na mwaka 1929 akawekwa kuwa msimamizi wa maparoko wote.

Basi nawe, kijana wa Bariadi, omba. Lakini uombe kama Vianney.

Kwanza, ujichunguze nia. Je, wataka kuhama kwa sababu somo ulipendalo lafundishwa vema kule, au kwa sababu wenzio wakutania? Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 tu wa sheria. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilitokana na chuo cha Nyegezi kilichoanza mwaka 1960 wakati wa Askofu Joseph Blomjous. Hakuna chuo kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa na jina kubwa. Majina hutengenezwa na wanafunzi.

Pili, uyajue masharti kabla ya kutumaini. Chuo kitatazama kama una sifa za kuingilia somo lile, kuanzia matokeo yako ya kidato cha sita. Kitatazama kama nafasi ipo. Kisha kitatazama alama ulizozipata ulipo sasa. Uzifuate taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu na kuzingatia tarehe zake. Kama wasomeshwa kwa mkopo, uwaulize mapema watu wa Bodi ya Mikopo, maana mkopo haumfuati mtu wenyewe kama ndama amfuatavyo mamaye.

Tatu, useme ukweli wote. Kama ulishindwa kwa sababu ya ugonjwa, useme. Kama ulikuwa ukifanya vibarua usiku ili upate chakula, useme. Kama ulikuwa mvivu, ukiri hivyo, kisha uonyeshe ulivyotengenea: nusu mwaka moja ya alama nzuri yasema kuliko barua kumi za kujisifu. Umwombe mwalimu anayekufahamu akushuhudie, naye asiongeze chumvi. Pengine itakupasa kukaa mwaka mmoja zaidi hapo ulipo, ukiipandisha ile 2.3 kwa jasho lako mwenyewe. Mwaka huo si hasara.

Nanyi wazazi, fahali wale wawili warudini zizini, au wauzeni kwa ada na chakula cha mwana. Huenda amepata 2.3 kwa kuwa alisoma na njaa, je, mlimwuliza? Msimfanye kuwa fahari ya kijiji kiasi kwamba aogope kuwaambia alama zake. Mtoto anayewaogopa wazazi wake kuliko uongo atauchagua uongo. Baba, msikilize mama wa nyumba yako. Katika jambo hili Roho Mtakatifu amesema kwa kinywa chake.

Na chuo kikikataa? Yawezekana sana kikatae. Twasema hivyo bila kuficha, maana tumaini la kudanganywa si fadhila. Siku hiyo kijana atalia, naye apewe ruhusa kulia. Kisha ainuke arudi darasani kwake. Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza tulisoma chuo gani. Atauliza habari za zile mbili alizotupa, na heri yetu tukimletea nne zisizo na mchanga ndani yake.

Mungu aibariki nyumba ile ya Bariadi, na nyumba zenu zote. Amina.