Sitara ya Chini ya Bati

Mwenye kuingia katika chumba cha mabati huko Gatina, upande wa Kawangware, au Lindi na Laini Saba, upande wa Kibera, jijini Nairobi, aghalabu hukutana na jambo ambalo aliyesimama nje hawezi kulikisia, nalo ni kwamba ndani ya nyumba ya mabati bati lenyewe halionekani. Kwenye kuta zimetandazwa katoni zilizokunjuliwa, juu ya katoni ikawekwa nailoni au karatasi yenye maua, na mbele ya hiyo likazungushwa pazia jeupe la wavu pande zote nne; na huko juu, mahali ambapo katika ofisi za Upper Hill pangekuwa na vibao vya jipsamu, pamevutwa shuka kuukuu, au magunia yaliyofuliwa yakaunganishwa kwa uzi, yakashikizwa kwenye mbao za paa kwa misumari ambayo kila mmoja umepitishwa katika kifuniko cha soda kilichopondwa kikawa bapa, ili kichwa cha msumari kisiitoboe nguo na kuiachia.

Swali ninalotaka kulizingatia ni la dini kuliko la ufundi, ingawa ufundi hautaachwa: je, mja aliyemo katika chumba cha kukodi, anayehesabu shilingi ya unga na shilingi ya maji, akatoa sehemu yake akanunua pazia la ukuta na kitambaa cha dari, amefanya israfu na kujionyesha, au ametimiza haki ya nafsi yake na ya watu wake? Wapo wanaomlaumu. Wa kwanza ni mtu wa miradi na takwimu, ambaye huona ajabu kwamba penye uhaba wa choo pana ziada ya pazia. Huyo simjibu kwa urefu, kwani hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe kwa nini sebule yake ina rangi. Wa pili ni mcha Mungu, naye hoja yake ni nzito zaidi, kwa kuwa anayo hadithi sahihi mkononi.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ya kuwa alitundika pazia mlangoni, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporejea safarini akaliona, uso wake ukadhihirisha kuchukizwa, akalivuta hata akalichana, akasema kwamba Mungu hakuwaamrisha kuyavika nguo mawe na udongo. Wengi huishia hapo wakakifunga kitabu. Walakini Imam Nawawi, fakihi wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, aliisherehesha hadithi hiyo kwa hadhari kubwa: alitaja kuwa yuko mwanachuoni mwenzao, Nasr al-Maqdisi, aliyeliharamisha jambo hili, kisha akasema kuwa lililo sahihi ni kwamba ni makuruhu tu, madhali asemaye kuwa Mungu hakuamrisha kitu hajasema kuwa amekikataza, kilichothibiti ni kwamba si faradhi wala si sunna. Na hadithi ina mwisho wake, ambao mimi nauona ndio moyo wa mas'ala yote: Bibi Aisha alikikata kile kitambaa akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, wala hakulaumiwa. Kitambaa kile kile kilichochukiza juu ya jiwe kilikubaliwa kilipoletwa chini ya mwili wa mtu. Basi hatuna budi kuuliza, katika kila chumba, nguo iliyotundikwa inalivika jiwe au inamvika mtu.

Na katika chumba cha mabati jawabu si gumu, akilijua mtu bati na asili yake. Bati la mikunjo lilipewa hataza mwaka 1829 huko London, na mwenye kulibuni, Henry Robinson Palmer, alikuwa mhandisi wa kampuni ya gati, aliyetaka kuezeka mabanda ya bandarini. Miaka minane baadaye Mfaransa Stanislas Sorel akaleta njia ya kulichovya chuma katika zinki kisipate kutu. Liwazie hilo ewe msomaji: kitu kilichobuniwa kuhifadhi shehena ndicho kilichofanywa dari ya watoto. Shehena haitoi pumzi, ilhali watu watano waliolala katika chumba kimoja usiku wa Julai, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hutoa pumzi ambayo ikifika kwenye bati baridi hugeuka maji, na kabla ya alfajiri maji hayo hudondoka juu ya blanketi, mvua isinyeshe. Mchana wa Februari bati hilo hilo hulimeza jua na kulitema chini. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kuwa joto la Kibera, Mathare na Mukuru huzidi lile linaloandikwa katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, kituo ambacho, kwa kinaya cha ramani, kimekaa baina ya Kibera na Kawangware. Joto rasmi la mji, basi, si joto la jirani zake. Na mvua ikinyesha, katika chumba kisicho na dari mama hamsikii mwana, wala mwenye kusali hajisikii mwenyewe.

Shuka la juu, kwa hiyo, si pambo la jiwe. Hunasa tone, hupunguza mnururisho, hufifisha kishindo. Ni nguo ya mtu, ila imevaliwa kwa mbali kidogo na mwili.

Sisemi kwamba kila dari ni ya namna hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu hakuna kilichofunikwa: boriti za mikoko hubeba sakafu ya juu, na huyo anayelala chini huziona, mara nyingine zimepakwa rangi, na upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti, si na tamaa ya mwenye nyumba. Dhahiri na batini ni kitu kimoja. Dari ya kisasa ni kinyume chake, kwani imebuniwa ili ifiche: Augustine Sackett wa Marekani alipata hataza mwaka 1894 ya ubao wa plasta na karatasi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na mwaka 1961 Mmarekani mwenziwe, Donald Brown, akapewa hataza ya dari ya kuning'inia ambayo kibao chake chochote chaweza kuinuliwa peke yake, ilhali kabla ya hapo vibao viliumana, na fundi aliyetaka kuufikia waya mmoja alilazimika kuanza pembeni na kubandua kimoja kimoja. Ni ubunifu wa akili. Lakini umejengwa juu ya dhana moja isiyotamkwa: kwamba aliye chini ya dari ana haki ya kuifungua, na kwamba kesho atakuwapo.

Kibera dhana hiyo haikuwahi kuwa na mahali pa kusimama. Ardhi ile, iliyotangazwa akiba ya kijeshi mwaka 1918 kwa ajili ya askari Wanubi wa King's African Rifles, ilikaliwa na watu ambao serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa mfalme, ikawazuia kujenga nyumba za kudumu. Na hata Wanubi hao walipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288, mwaka ulikuwa umefika 2017. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, matingatinga yaliangusha nyumba nyingi za Kibera kupisha barabara. Mtu aliyelelewa katika khofu ya namna hiyo hujifunza kushikiza vitu vyake kwa namna vinavyoweza kubanduliwa, na ndiyo maana kifuniko cha soda ni uvumbuzi uliokamilika katika mahali pake: hutawanya nguvu ya msumari ili nguo idumu, kisha kwa kucha ya nyundo hutoka, na nguo ikakunjwa ikapanda mkokoteni.

Manabii wa Agano la Kale, ambao makanisa mengi ya Kawangware huwasoma kila Jumapili, wamelitaja jambo hili la kufunika nyumba kwa jina. Hagai aliwakemea waliokaa katika nyumba zilizofunikwa mbao ilhali hekalu ni gofu. Na Yeremia akamlaani Mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba la vyumba vipana, akalifunika kwa mierezi na kulipaka rangi nyekundu. Ajabu ni kwamba wahubiri huzitumia aya hizo kuwatisha maskini wenye pazia, na hali Yeremia hakulaani mwerezi. Alilaani kwamba jumba lilijengwa pasipo haki, na aliyelifanyia kazi hakupewa ujira wake. Mizani ya nabii imewekwa juu ya mahali fedha ya dari ilikotoka, na nani aliyebaki bila kulipwa.

Yako pia mafuniko yanayoelekezwa kwa mtazamaji. Mwaka 2009 Mfaransa ajiitaye JR, mbandikaji wa picha kubwa, alifunika mapaa ya Kibera, yapata mita 2,000 za mraba, kwa picha za nyuso na macho ya wanawake wa pale pale, picha zikaonekana kutoka angani na kutoka kwenye reli, na ulimwengu ukazipigia makofi. Ningaliihesabu kazi hiyo kuwa ni kuvika mawe nguo kwa ajili ya wageni, lau si kwamba picha zile zilichapwa juu ya plastiki isiyopitisha maji, ili picha ikishasahauliwa bati lililotoboka liendelee kuzibwa. Mimi naipenda kazi ile kwa upande wake ambao haukupigwa picha, yaani upande wa chini, penye kitanda kikavu.

Na sasa tumgeukie mwenye nyumba, ambaye katika mabishano haya yote ya israfu na sitara amekaa pembeni kama shahidi, ilhali yeye ndiye mdaiwa. Katika *Minhaj* yake, kitabu ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea vizazi na vizazi, Nawawi huyo huyo anafundisha kwamba matengenezo ya nyumba ya kukodi ni juu ya mwenye nyumba, na asipoyafanya mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kisha, kwa kuwa aliishi Sham, anatoa mfano ambao sisi wa ikweta huupita tukitabasamu: theluji iliyoko juu ya paa ni ya mwenye nyumba kuiondoa, na iliyoko uani pamoja na takataka ni ya mpangaji. Mfano huo haustahili kupitwa. Umegawa nyumba mara mbili, na kila lishukalo kutoka juu, liwe theluji ya Dameski au tone la alfajiri la Gatina, limeangukia deni la yule apokeaye kodi.

Akiukubali mtu ugawaji huo, lawama yote hugeuka njia. Mwenye kuezeka chumba kwa bati tupu na kukipangisha kwa watu wenye pumzi amekabidhi ghala akatoza kodi ya nyumba. Na mpangaji aliyenunua shuka na katoni amelipa mara mbili, tena amelipa kwa vitu ambavyo koroboi ikianguka au waya wa umeme wa kuunganisha ukitoa cheche huwa kuni. Najua nitajibiwa kwamba dari ya mbao itapandisha kodi, na kwamba wako wenye vyumba viwili vitatu ambao ni mafukara kama wapangaji wao. Hilo la pili ni kweli, na fakihi hamtozi mtu asichoweza. Lakini hilo la kwanza ni kusema kwamba deni likidaiwa litaongezwa riba, na sioni kadhi wa kulipitisha. Angalau mpangaji akihama, shuka, pazia, misumari na vifuniko vyake ni milki yake, avibandue avichukue bila kuulizwa, wala isikatwe shilingi katika amana yake kwa sababu ya matundu yaliyobaki katika mbao za paa.